Merikebu Iliyotosa Karafuu

Ndugu Wanachama,

Tangu niliporudi safari mwezi wa Agosti 2024 wengi wenu mmeniuliza, "Katibu, umeona nini huko London?" Na wengine kwa mzaha mkaniuliza kama nimekuleteeni bei nzuri. Bei sikuleta. Nimeleta khabari ya merikebu moja, na nimeona afadhali niiandike hapa mara moja kuliko kuihadithia kila kibaraza nikaja nikaipunguza au nikaiongeza chumvi.

Kabla ya kwenda mbele, nataka mjue kuwa nauli yangu haikutoka katika sanduku la Chama. Dada yangu anaishi London na mumewe na watoto, na yeye ndiye aliyenipeleka na kunirudisha. Nasema hivi kwa sababu sanduku ni lenu, na katibu apandaye ndege lazima aulizwe.

Siku moja ya Jumamosi shemeji yangu akaniambia, "Wewe mtu wa karafuu, twende nikakuonyeshe chombo kilichopata kuchukua karafuu." Tukafuata ukingo wa mto Thames upande wa kusini, karibu na daraja la London. Huko, baina ya majumba marefu, pana gudi dogo liitwalo St Mary Overie, na ndani ya gudi hilo imekaa merikebu ya mbao yenye milingoti mitatu, kama kwamba mtu kaiegesha jana na kwenda sokoni. Jina lake ni Golden Hinde.

Ni nakala, lakini si mwanasesere

Merikebu hii siyo ile ya zamani. Ile ya asili ilikuwa ya Francis Drake, Mwingereza aliyezunguka dunia nzima toka mwaka 1577 mpaka 1580. Alipoirudisha, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipanda sitahani mwake pale Deptford mwezi wa Aprili 1581, na hapo Drake akapewa cheo cha Sir. Malkia akaamuru merikebu iwekwe hapo hapo Deptford watu waitazame. Ikatazamwa miaka mingi mpaka ikaoza. Katika mbao zilizosalia palitengenezwa kiti, na kiti hicho kiko Oxford mpaka leo.

Hii niliyoipanda mimi imejengwa upya huko Appledore, upande wa magharibi ya kusini ya Uingereza, na ikashushwa majini mwaka 1973. Ramani ya ile ya kwanza haikubakia, kwa hiyo waliojenga walitafuta katika maandishi ya zamani, michoro ya merikebu za wakati ule, na hesabu za mafundi wa zamani, wakajenga kwa mujibu wa hayo. Wala hawakuijenga ikae tu. Iliondoka Uingereza mwaka 1974 ikavuka bahari mpaka San Francisco, na baadaye ikaizunguka dunia kama mwenzake. Imekwenda zaidi ya maili 100,000 kabla ya kuingizwa katika gudi lile mwaka 1996. Basi fundi aliyeijenga hakudanganya, maana bahari haina haya ya kumfedhehesha mwongo.

Tulipokelewa na kijana aliyevaa nguo za mabaharia wa zamani, akatupitisha chombo chote, toka omo mpaka tezi. Neno la kwanza lililonijia ni udogo wake. Kutoka ncha mpaka ncha ni kiasi cha futi 120, na upana wake futi 20 na kidogo. Mlingoti mkubwa unapita futi 90. Jahazi kubwa za wazee wetu zilizokuwa zikija na kaskazi kutoka Uarabuni zisingeona haya kusimama ubavuni mwake. Na katika chombo hicho walipandishwa watu wapatao 80!

Matanga yake siyo kama yetu. Jahazi yetu ina tanga moja kubwa la pembe juu ya foromali ndefu iliyolala kwa mshazari. Merikebu hii ina matanga ya mraba katika milingoti miwili ya mbele, na foromali zake zimelala sawasawa kukingama chombo. Tanga la pembe lipo moja tu, katika mlingoti wa nyuma. Kijana yule alitueleza kuwa tanga la mraba ni zuri sana upepo ukitoka nyuma, lakini kupiga bisho ni taabu. Nilimwambia shemeji yangu kwamba nahodha wetu yeyote angalijua hivyo kwa kuitazama tu.

Usukani ulinishangaza. Hapana gurudumu. Mshika usukani alisimama chini ya sitaha, mkononi kashika gongo refu lililosimama wima, nalo ndilo lililousukuma mkono wa usukani huku na huku. Kwa kuwa yuko chini, bahari haioni vyema. Alikuwa akipigiwa ukelele kutoka juu, naye akifuata. Nilifikiri sana juu ya mtu huyu, maana vyama vingi vinaendeshwa namna hiyo.

Sitaha ya mizinga ni fupi hata mimi nisiye mrefu ilinibidi niiname. Hapo mabaharia walilala chini baina ya mizinga, na chumba kizuri kilikuwa kimoja tu, cha mkubwa wao. Jiko limejengwa kwa matofali, moto usije ukashika mbao. Tukateremka tena, tukafika ngamani, na hapo ndipo nilipotaka kufika mimi. Nikanusa, lakini palikuwa na harufu ya lami na mbao mbichi tu. Kijana akacheka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, natafuta karafuu zangu.

Karafuu za Ternate

Ndugu Wanachama, yapasa mjue kuwa wakati wa Drake hapakuwa na mkarafuu hata mmoja Unguja wala Pemba. Karafuu za biashara ya dunia zilitoka katika visiwa vidogo vitano vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kila karafuu iliyotiwa katika sufuria ya mtu wa Misri au wa Ulaya ilitoka huko, ikapita mikono mingi, na kila mkono ukabakiza chochote.

Drake hakwenda dunia nzima kwa ajili ya karafuu. Aliondoka Plymouth mwezi wa Disemba 1577 na vyombo vitano na watu 160 na kidogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kunyang'anya. Merikebu yake iliitwa Pelican. Aliibadilisha jina mwezi wa Agosti 1578 alipofika kwenye mlango wa bahari wa kusini ya Amerika. Vyombo vinginevyo vilivunjwa, au vilipotea, au vilirudi, akabaki na hicho kimoja. Mwezi wa Machi 1579 aliikamata merikebu ya Wahispania katika bahari ya magharibi ya Amerika ya Kusini, akapakua humo fedha tani 26, mbali na dhahabu na masanduku ya sarafu. Fedha hizo zilitiwa ngamani, chini kabisa, zikawa kama farumi ya chombo. Wala tusisahau kuwa mtu huyu katika ujana wake, miaka ya 1560, alisafiri pamoja na jamaa yake John Hawkins kununua na kuteka watu Afrika ya Magharibi na kuwauza utumwani. Khabari za merikebu tuzitazame; kumsifu mwenyewe si lazima.

Mwezi wa Novemba 1579 akafika Ternate. Mfalme wa huko alikuwa Sultan Babullah. Baba yake, Sultan Hairun, aliuawa na Wareno kwa khiyana mwaka 1570, na mwanawe akaizingira ngome yao miaka mitano mpaka wakasalimu amri mwaka 1575. Basi Sultan alikuwa na karafuu nyingi na hamu ya kupata mnunuzi asiye Mreno. Drake akanunua tani 6.

Nikaa ngamani nikapiga hesabu yetu. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240, na frasila ni ratili 35. Basi tani moja ni frasila 64 barabara, na tani 6 ni frasila 384. Ni mzigo unaoweza kukaa katika pembe ya ghala. Lakini tukichukulia mti mmoja watoa kilo 3 za karafuu kavu kwa mwaka wa wastani, hiyo ni kazi ya mikarafuu kama elfu mbili: watu wamepanda, wamechuma, wamechambua makonyo, wameanika na kuanua mvua ilipotishia. Yote hayo yakaingia katika merikebu, juu ya fedha za kunyang'anya.

Usiku wa mwambani

Tarehe 9 Januari 1580, usiku wa mapema, merikebu ilikuwa ikienda na upepo mzuri karibu na kisiwa cha Sulawesi, wote wakidhani wako katika kina. Ghafula ikapanda juu ya mwamba ikakwama.

Kila mtu wa pwani ajua dawa ya chombo kilichopwelewa: nanga hutiwa mashuani, ikapelekwa mbali kwenye kina, ikatoswa, kisha watu wakaivuta kamba mpaka chombo kikajivuta chenyewe. Walijaribu. Lakini mwamba ule ulikuwa kama ukuta. Hatua chache tu kutoka ubavuni kamba yao yote haikufika chini. Nanga haikupata pa kushika. Maji yakapwa, na upande mmoja wa chombo yakabaki futi 6, hali merikebu yahitaji futi 13 ili ielee. Kilichoizuia isilale ni upepo tu, uliokuwa ukiisukuma upande wa mwambani. Mashua yao haikuweza kuchukua watu wote, ambao walikuwa kama 60, na nchi ya karibu ilikuwa mbali.

Asubuhi waliomba Mungu, kisha wakaanza kutosa. Walitosa mizinga 8. Walitosa unga na kunde. Na walitosa tani 3 za karafuu, yaani frasila 192, nusu ya zote walizonunua.

Nilimuuliza kijana yule, "Na zile fedha?" Akasema, "Fedha hawakutosa."

Baada ya kukwama kiasi cha saa 20 upepo ukalegea ukageuka, merikebu ikainama upande wa kina, ikateleza, ikaelea. Wakafika Plymouth mwezi wa Septemba 1580 na fedha zao na nusu ya karafuu zao. Kasisi wao alisema kuwa mwamba ule ulikuwa adhabu ya Mungu kwa maovu ya safari, hasa kuuawa kwa mwenzao mmoja mwaka 1578 kwa amri ya Drake. Kwa neno hilo Drake alimfunga mguu kwa mnyororo juu ya sitaha. Msema kweli hana rafiki, hata baharini.

Mimi nilitoka ngamani nikakaa juu, na shemeji yangu akadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nikiuliza moyoni mwangu: kwa nini karafuu? Jawabu si gumu. Fedha zilikuwa chini kabisa na karafuu zilipakiwa mwisho. Kilicho juu ndicho kilicho karibu na mkono. Na tena fedha ndizo zilizoheshimiwa. Kinachotoswa kwanza ni kile kilichoingia mwisho na ambacho mwenyewe hayuko kukisemea.

Na hapo nikakumbuka mashua yetu.

Magunia manne ya mwenzetu

Wengi wenu mnalijua jambo hili, lakini sijapata kuliandika. Katika msimu wa 2023 mashua moja ilipakia karafuu za wanachama wetu tisa kutoka ng'ambo ya hori kuzipeleka mtoni penye kituo. Ilipofika katikati ikapigwa na upepo wa ghafula na mvua, maji yakaingia kuliko yalivyokuwa yakitekwa. Ndani mlikuwa na watu kumi na mmoja, na wawili watoto. Nahodha akaamrisha kutosa. Yakatoswa magunia manne yaliyokuwa juu, mashua ikainuka, wakafika salama, alhamdulillahi.

Magunia yote manne yalikuwa ya mtu mmoja, mama mjane. Yalikuwa juu kwa sababu yeye hana punda wala kijana wa kumchukulia, akafika pwani wa mwisho. Wale wanane wengine waliuza karafuu zao zote. Yeye alirudi na kanga yake iliyorowa. Alipokuja ofisini kuniuliza, nilifungua daftari nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, "Imepotea baharini, kudra ya Mungu," nikafunga. Akaniambia, "Mwanangu, upepo ni kudra. Lakini gunia langu halikuanguka, limetoswa." Sikuwa na jawabu, nikamwambia Mungu atampa.

Nahodha hakukosa, alifanya lililompasa, na roho kumi na moja ni shahidi yake. Aliyekosa ni mimi niliyeandika, na Chama kilichonyamaza. Kwa hiyo niliporudi nilitafuta kujua watu wengine hufanyaje katika mambo kama haya. Nakuelezeni niliyoyapata.

Khasara ya wote

Sheria hii ni ya zamani kuliko merikebu ya Drake. Watu wa kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya kaskazini ya Misri, walikuwa nayo, na Warumi wakaichukua kwao, ikaandikwa katika kitabu kikubwa cha sheria cha mfalme Justinian katika karne ya 6. Maana yake ni hii: ikiwa mali imetoswa ili chombo kipone, basi kilichotolewa kwa ajili ya wote kitalipwa kwa mchango wa wote. Leo meli kubwa za chuma zipitazo baharini zinafuata kanuni hiyo hiyo. Kanuni zake huitwa Kanuni za York na Antwerp. Zimetengenezwa upya mara kadhaa, na mara moja ni mwaka 2016. Kontena likitoswa kwa kusudi ili meli ya maelfu ya tani iokoke, wenye makontena mengine huchangia.

Lakini si kila khasara ya baharini ni khasara ya wote. Lazima mambo manne yapatikane.

Kwanza, iwe hatari ya kweli iliyovikabili chombo na shehena pamoja. Nahodha aliyeogopa wingu tu hahesabiwi.

Pili, mali iwe imetolewa kwa kusudi. Gunia lililochukuliwa na wimbi, au lililorowa kwa sababu turubai lilitoboka, ni khasara ya mwenyewe, au ya aliyezembea.

Tatu, iwe imetolewa kwa ajili ya wote, si kwa ajili ya kuokoa mali ya mtu mmoja.

Nne, kuwe na kilichookoka. Chombo kikizama na kila kitu, hapana wa kumchangia mwenziwe.

Yakipatikana hayo, wanaochangia ni mwenye chombo na wenye shehena wote, na nauli ikiwa ilikuwa hatarini, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Roho za watu hazitiwi thamani wala hazichangii. Na mwenye mali iliyotoswa naye huhesabiwa fungu lake, ili asiwe na faida juu ya wenziwe.

Na sisi Waislamu tunayo yetu. Mas'ala ya kutosa mali yamo katika vitabu vya fiqhi, na wanavyuoni wamekubali kwamba roho za watu zatangulia mali. Ikihofiwa watu kufa, mali hutoswa. Juu ya malipo wamekhitalifiana. Kwa Imam Malik khasara hugawanywa baina ya wenye mali kwa thamani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kutosa mali ya mwingine bila ya idhini yake huwa na dhamana ya kuilipa. Na mtu akimwambia mwenziwe, "Tosa mali yako na mimi ni mdhamini," basi dhamana hiyo humpasa. Nasema kwa ufupi; fatwa ni ya mashekhe wetu, na nimekwisha kumwomba mmoja wao ahudhurie mkutano. Lakini tazameni yote mawili yanaelekea wapi: afadhali makubaliano yawepo kabla chombo hakijang'oa nanga. Katikati ya hori, na mvua inapiga, hapana wa kuandika hati.

Hesabu ya mfano

Maneno matupu hayajazi pishi, basi na tupige hesabu. Bei ninazotia hapa ni za mfano tu.

Tuseme mashua yenyewe ina thamani ya shilingi 6,000,000. Ndani yake mna magunia 32 ya karafuu, kila gunia shilingi 750,000, jumla 24,000,000. Mashua na shehena pamoja ni shilingi 30,000,000.

Yametoswa magunia 4, yaani shilingi 3,000,000. Hiyo ni sehemu moja katika kumi ya mali yote iliyokuwa hatarini. Basi kila mwenye mali hutoa moja katika kumi:

Mwenye mashua, katika 6,000,000 atoa 600,000.
Wenye magunia 28 yaliyofika, katika 21,000,000 watoa 2,100,000.
Mwenye magunia 4 yaliyotoswa, katika 3,000,000 ahesabiwa 300,000.

Mwenye magunia yaliyotoswa hupokea 600,000 na 2,100,000, jumla shilingi 2,700,000. Khasara yake ni 300,000, sawa na wenziwe, mmoja katika kumi. Mwenye gunia moja lililofika hutoa 75,000. Je, iko hapa karafuu ya mtu iliyodhulumiwa? Yule aliyetoa 75,000 bado anazo 675,000 alizoziokolewa na magunia ya mwenziwe.

Hii ndiyo tafauti ya Drake na sisi. Karafuu za Drake zilikuwa mali ya safari nzima, yenye wenye hisa zao, na Malkia akiwamo. Zilipotoswa, khasara iliingia katika hesabu ya wote, hapana aliyeilia peke yake. Sisi tulikuwa katika mashua moja, lakini magunia yetu yalikuwa na majina.

Ninayoyaleta mkutanoni

Mkutano mkuu ujao nitayaleta mambo manne, na naomba kila tawi liyazungumze kabla.

La kwanza: kila mashua itakayochukua karafuu za wanachama iwe na daftari la shehena, lenye jina la mtu, idadi ya magunia na uzito, likitiwa saini pwani kabla ya kuondoka. Daftari libaki nchi kavu. Daftari lililomo chomboni nalo hurowa.

La pili: pawe na hati moja ya makubaliano, kwamba wenye shehena na mwenye mashua wote ni wadhamini wa mali itakayotoswa kwa amri ya nahodha katika hatari ya kweli. Wenye mashua watatu nimesema nao. Wawili wamekubali, mmoja asema atafikiri.

La tatu: afikaye mwisho asiwekwe juu kwa kuwa ni wa mwisho. Na kuzidisha shehena tukuache. Kila mmoja wetu amepata kusema, "Tia na hili moja," na nahodha akaona haya kukataa. Gunia la kuzidi ndilo linalotosa la mwenziwe.

La nne ni la mwenzetu. Makubaliano hayawezi kurudi nyuma yakamshika mtu kwa msimu uliopita, na mimi sina amri ya kumlazimisha yeyote. Lakini wale wanane wajijua, na karafuu zao zilifika. Nimewaandikia kila mmoja barua yenye hesabu yake, na mwenye mashua pia. Mpaka ninapoandika hapa watano wamekwisha kuleta fungu lao bila ya kuulizwa mara ya pili. Wengine wataleta, inshallah. Majina sitayatia hapa, si ya walioleta wala ya wasioleta.

Mwisho wa merikebu

Mtauliza karafuu zilitufikiaje sisi. Baadaye Waholanzi walivishika visiwa vile, na katika karne ya 17 wakaing'oa na kuikata mikarafuu ya Ternate na visiwa vya jirani, ili karafuu zitoke Ambon tu walikokuwa wakipatawala, na bei iwe mikononi mwao. Wafaransa wakafanikiwa kuichukua miche kwa siri na kuipanda Morisi mwaka 1770, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzo wa karne ya 19, Seyyid Said akahimiza ipandwe. Mashamba yale yalifanyizwa kwa jasho la watumwa, na hilo nalo liandikwe. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Kwa hiyo mti ulio nyuma ya nyumba yako umeshavuka bahari nyingi, na katika kila chombo palikuwa na mtu aliyekuwa chini na mtu aliyekuwa juu.

Tulipotoka katika merikebu tulipita sokoni, hapo hapo karibu na gudi. Katika duka la viungo niliona karafuu ndani ya kichupa kidogo, zimepangwa vizuri, vichwa vyao vizima. Nikamwuliza mwenye duka zimetoka wapi. Akakigeuza kichupa akasoma, akasema hapakuandikwa. Nikanunua kimoja. Kiko juu ya meza yangu ofisini, pembeni ya daftari, na ukurasa ule nilioufunga nimeufungua tena. Pale palipoandikwa "imepotea baharini" nimepiga mstari, na chini yake nimeandika, "Zimetoswa kwa ajili ya wote. Deni lipo."

Nakutakieni mavuno mema na jua la kuanikia.

Mtumishi wenu,
Katibu wa Chama